Kizibao cha Upande Mmoja

Hell-Ville, Nosy Be
14 Septemba 1953

Dada yangu Halimati,

Salamu kwanza, halafu sifa zangu. Nabii Idrisi ndiye aliyekuwa wa kwanza duniani kushona nguo. Hilo tulifundishwa chuo cha Kurani na sibishani nalo. Wa pili ni mimi. Wote waliopita katikati, karne zote hizo, walikuwa wanabahatisha. Juma lililopita mke wa Mkuu wa kisiwa alileta gauni lipunguzwe kiuno. Nikalipitishia mkono asubuhi, adhuhuri akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akasahau Kifaransa. Wallahi. Alibaki analia “o, o, o” kama njiwa. Fundi Mchangama, bwana wangu, anasema alichomwa na pini niliyoisahau kiunoni. Huo ni wivu wa uzee.

Sasa wewe. Shemeji Tadjiddine alimpa salamu mtu wa meli, kwamba wamekupasua hospitali, wameliondoa titi la kushoto lote, na umesharudi nyumbani Mangarivotra, unakula na kuongea. Nilipoambiwa nilicheka, nikidhani mzaha. Kisha nikaenda nyuma ya duka nikakaa juu ya vipande vya vitambaa, na Fundi akaniita, akaniita, mpaka akachoka kuniita.

Dada, mama alituacha mapema, na wewe ndiye uliyenilea kwa mkono wa upande huohuo wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa wa kunichapia. Kwa hiyo usiniandikie “sijambo”. Niambie nguo gani inakuuma, na wapi. Usinionee haya. Fundi nguo ni sawa na daktari, ila yeye hupasua watu na mimi hupasua bafta.

Naandika kwa Kiswahili hiki cha barua alichotufundisha Babu, kwa sababu Kisakalava chetu ni cha kusemea na Kifaransa changu ni cha kutishia watu. Tena shemeji hawezi kukisoma. Basi mwaga yote.

Ndugu yako,
Daoudou, wa pili wa dunia


Mangarivotra, Mahajanga
25 Septemba 1953

Mdogo wangu Daoudou,

Wa pili wa dunia, shule ya Wafaransa ulifukuzwa kwa kumwuzia mwalimu kuku wake mwenyewe. Nilikuwepo. Kwa hiyo tuongee kama watu tunaojuana.

Niko hai. Kidonda kimefunga, karibu chote. Kimebaki kovu refu kutoka kwapani mpaka mfupa wa kifua, na ngozi iliyo juu ya mbavu imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mkono haupandi. Kila asubuhi nauweka ukutani na kuutembeza juu kwa vidole, kama kaa, na Mama Rabiata, mama mkwe wangu, anatia alama ya mkaa pale unapogoma. Alama zinapanda, lakini kwa ubahili.

Umeuliza nguo. Gauni la kupitisha kichwani siliwezi. Mama Rabiata hunivika kama maiti na tunacheka sote wawili, kisha hatucheki. Vifungo vya kifuani vinanikwaruza. Mshono wa kwapani unanikata. Na saluva, Daoudou! Umekulia katika nyumba ya wanawake, unajua saluva, nguo ya kujifunga kifuani, inashikwa na nini. Haishikwi na fundo. Inashikwa na matiti mawili. Langu likiwa moja, inashuka kushoto kama pazia lililong'oka msumari. Siku ya kwanza kutoka nilifika kisimani tu, nikarudi nimejishika kifua kama mwizi wa mahindi. Tangu siku hiyo sijatoka.

Sasa sikiliza ninachokitaka. Mfungo Sita unakuja, na Maulidi ya wanawake yatasomwa hapa mtaani. Safu ya debaa unaijua: wanawake bega kwa bega, sare moja, mikono inapanda na kushuka pamoja. Miaka yote mimi ndiye ninayeianzisha kaswida. Sasa Ansoifa, binti wa jirani, ameshaanza kukikalia kiti changu mazoezini. Haimbi vibaya, Mungu amsamehe. Wenzangu wa safu wananiambia, “Pumzika, dada, mwaka huu utatusikiliza.” Wananiambia kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa. Mimi najijua: nikikaa pembeni mwaka huu, nitakaa pembeni mpaka wanizike.

Sitaki urembo. Nataka nguo itakayonikalisha kwenye safu ile, niinue mikono, na asiwepo wa kunihurumia kwa macho.

Nimekupelekea vipimo kwa uzi wenye mafundo, kama anavyopenda Fundi wako. Uzi mweupe ni upande wa kulia. Mweusi ni wa kushoto.

Dada yako,
Halimati


Hell-Ville
6 Oktoba 1953

Dada mpendwa,

Fungua kifurushi kwanza, kisha kaa chini, usije ukaanguka kwa uzuri.

Hicho ni kizibao. Kinavaliwa ndani, chini ya saluva. Hakipiti kichwani: kinafunguka mbele wazi kama dirisha, kinafungwa kwa kanda za kitambaa, hakuna kifungo hata kimoja. Hata mtu wa mkono mmoja atakifunga. Nimejaribu mwenyewe, mkono mwingine nikiwa nimeukalia. Juu ya bega la kulia na mgongoni kuna vitanzi. Saluva inaning'inia hapo, basi haitegemei tena kifua cha mtu. Akili hiyo ilinijia ninakula muhogo. Na ndani upande wa kushoto kuna mfuko, na ndani ya mfuko kuna kimto cha sufi laini, nimekichambua mwenyewe mbegu zote. Ukikivaa, Ansoifa atajiuliza kama hospitali ilikukata au ilikuongeza.

Uzi wako mweusi sikuuhitaji sana. Sisi mafundi hukunja kitambaa mara mbili tukakata mara moja. Kulia na kushoto vinatoka mapacha. Ndiyo siri ya kazi. Usimwambie mtu.

Fundi alikuwa Ambanja msibani, kwa hiyo kazi hii ni yangu kuanzia mkasi mpaka pasi.

Daoudou


Mangarivotra
17 Oktoba 1953

Daoudou,

Mapacha wako wamenishinda.

Kanda ni nzuri. Vitanzi ni vizuri kupita nilivyotarajia, Mama Rabiata alivivuta mara nyingi akasema, “Kumbe yule mtundu ana kichwa.” Furahi hapo, kwa sababu hapa chini hakuna furaha.

Kulia kunabana. Kushoto kumebaki kitambaa kinachokunjamana, na mikunjo inaingia palepale kwenye kovu na kulisaga kama jiwe la kusagia. Mshono wa ubavuni umepita juu ya kovu lenyewe. Nilivaa tangu asubuhi. Mchana Mama Rabiata aliponivua, palikuwa na mstari mwekundu, ungesema nimechapwa. Na kimto chako cha sufi ni chepesi. Nilipoinua mkono kilipanda. Nilipoinua tena kilipanda zaidi. Mwisho titi langu lilinifikia shingoni, Daoudou, nikawa nalitazama uso kwa uso. Tadjiddine alitoka nje kucheka. Nilimruhusu. Ni mara yake ya kwanza kucheka tangu Agosti.

Nina upande mmoja na upande mwingine. Si mapacha. Uzi mweusi nilikupelekea kwa sababu hiyo.

Na jambo moja naliandika haraka kabla sijaona haya. Ninanuka. Si uchafu, najiosha. Ni dawa, na kitu kingine chini ya dawa, hasa nikiinua mkono. Jana nilikwenda mazoezini, nimejifunika shali, nikakaa mwisho wa safu. Ansoifa alikuwa karibu yangu. Alisogea. Kidogo tu, kwa adabu.

Bado mwezi, si zaidi. Kama huwezi, niambie sasa nimwambie Ansoifa kiti ni chake.

Halimati


Hell-Ville
30 Oktoba 1953

Dada,

Siwezi? Neno hilo fundi wa pili wa dunia hana hata kabati la kulihifadhia.

Fundi Mchangama amerudi. Nilimsomea barua yako, si yote. Akaomba nyuzi zako mbili, akazilaza mezani, mweupe na mweusi, akazitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akanipiga kofi la kisogo akasema, “Kitambaa cha huyu hakikunjwi, mpumbavu wewe. Kila upande unakatwa peke yake.” Akaondoka. Ndiyo somo zima. Mimi nikafanya yaliyobaki.

Tazama sasa. Kulia ni kwa uzi mweupe, kushoto kwa mweusi, hawajuani kabisa. Mishono nimeigeuza yote, matumbo yake yako nje na ulaini uko ndani kwako. Ubavuni hakuna mshono, nimeuhamishia mgongoni. Kwapani nimeongeza kipande cha pembe nne ili mkono upande bila kuvuta kiwiliwili. Bitana ni ile leso ya mama, iliyofuliwa mpaka ikawa kama mvuke. Nilikuwa nayo. Sikukwambia.

Na kimto kina uzito: mchele, nimeupepeta, kisha sufi kidogo usoni uwe laini. Nimeupima kwa kuulinganisha na… usiulize. Hakipandi shingoni hata ukicheza ngoma.

Na sasa kilele. Uliniambia unanuka? Umesahau ndugu yako anaishi wapi? Kisiwa kizima hiki ni langilangi! Rafiki yangu Saindou anafanya kazi kwenye mitambo ya kukamulia maua, na amenipa kichupa cha mafuta ya mwanzo, yale ya matone ya kwanza, yanayokwenda Ufaransa kwenye shingo za wenye vyeo. Nimeyatia kwenye mchele wa kimto. Joto la mwili likikipata, utanukia kama bibi harusi siku ya saba. Ansoifa atasogea, ndiyo, lakini kuja kwako.

Fundi alikunja uso kwa ajili ya mafuta. Unamjua, hata Idi anakunja uso. Wala usiwe na wasiwasi, nimeyajaribu mwilini mwangu mwenyewe.

Daoudou
Duka zima linajua kwamba dada yangu atavaa kazi yangu kwenye Maulidi. Hata akina mama wa sokoni wanajua. Usiniaibishe.


Mangarivotra
9 Novemba 1953

Mdogo wangu,

Nilikivaa nikakaa kimya. Mama Rabiata akaniuliza, “Kinauma?” Nikasema hapana, ndiyo maana niko kimya.

Kimekaa, Daoudou. Bega langu la kushoto lilikuwa limeinuka kama la mbeba ndoo. Ule mchele umelirudisha mahali pake. Saluva imeshika. Mkono unapanda. Nilijitazama kwenye kioo cha Tadjiddine cha kunyolea, kipande kwa kipande maana ni kidogo, na kila kipande kilikuwa mimi. Na ile leso. Leso sitaisemea.

Mazoezini walinipa kiti changu. Hakuna aliyesema “pumzika”. Ansoifa akaninusa waziwazi akasema, “Dada Halimati, umeolewa upya?”

Neno moja tu. Pale kimto kinapolala panawasha, na baada ya muda panakuwa moto. Nikikivua panabaki pekundu. Mama Rabiata anasema nitoe mchele wote, niuoshe au nitie mwingine usio na mafuta, hata kama sitanukia. Mimi nasita. Bila harufu ile narudi kuwa yule wa kuepukwa. Na wewe umeandika kwamba umeyajaribu mwilini mwako, basi huenda ni ngozi yangu tu, mpya, haijazoea dunia.

Nijibu upesi, barua ije kwa ndege. Nikivae hivihivi siku yenyewe, au nitoe mafuta? Nitafuata neno lako, wewe ndiye fundi.

Halimati


Hell-Ville
14 Novemba 1953

Dada,

Nakujibu kwa mbio, ndege inaondoka.

Vaa. Vaa hivihivi. Kuwasha ni dalili ya kupona, waulize watu. Jeraha likiwasha ujue nyama inashonana, nami mambo ya kushonana nayajua. Mimi niliyajaribu na hayakunifanya kitu. Ngozi yako ndiyo yenye maringo.

Mafuta yale Wafaransa wanajipaka mpaka nyuma ya masikio. Ukiyatoa utakuwa umemwaga dhahabu.

Nimeshamwambia kila mtu. Imba wakusikie mpaka Nosy Be.

Daoudou


Mangarivotra
23 Novemba 1953

Daoudou wangu,

Nilikaa kwenye safu.

Maulidi yalisomwa baada ya alasiri, uani kwa jirani, wanawake mpaka ukutani, wengine wametoka Belobaka kwa miguu. Nilipofungua mdomo kuanza kaswida nilidhani sauti haitatoka. Ikatoka, wenzangu wakaipokea. Mikono yangu ikapanda yote miwili. Wa kushoto ulichelewa nyuma ya mwenziwe, kama mtoto anayemfuata mama sokoni, lakini ulipanda. Saluva haikutikisika. Hatukuinuka mpaka magharibi ilipoadhiniwa.

Mwanamke mmoja wa Belobaka alimwinamia Mama Rabiata akamwuliza, “Mkweo alikatwa lipi?” Hakuna aliyewahi kunisifu sifa kubwa kuliko hiyo, nawe ndiye uliyeishona.

Mkono umechoka, naishia hapa.

Halimati


Hell-Ville
1 Desemba 1953

Dada,

“Alikatwa lipi!” Nimeisoma barua yako dukani kwa sauti, nimeisoma sokoni, nimemsomea mpaka Mhindi wa vitambaa asiyejua lugha. Fundi alisikiliza akitia uzi, akasema, “Al-hamdulillah,” tu. Kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba.

Nimewaza. Si wewe peke yako uliyekatwa katika nchi hii. Nitashona vizibao hivi, nitaviita kwa jina lako, vitavaliwa mpaka Ngazija. Mimi mkasi, wewe utanichagulia vitambaa.

Mbona meli nyingine imefika haina neno lako? Umekuwa mwimbaji mkubwa, hutuandikii tena sisi wadogo?

Daoudou


Mangarivotra
8 Desemba 1953

Kwa mwanangu Daoudou,

Assalamu alaikum. Anayeandika ni Rabiata, mama yake Tadjiddine. Mwandiko wangu ni wa chuoni na wa zamani, soma polepole.

Dada yako aliniapisha nisikuandikie. Niliapa, na sasa nakivunja kiapo, na nimeanza kufunga saumu ya kafara yake. Uzito huo niachie mimi.

Siku ile ya Maulidi aliimba kama alivyokwambia. Hakukudanganya. Alichokificha ni hiki. Tuliporudi nyumbani alikataa kuvuliwa. Alilala na kizibao, akisema amechoka mno. Asubuhi alikuwa na homa. Nilipofungua zile kanda, bitana ilikuwa imegandamana na mwili. Nililowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikavuta taratibu, nikimsomea, naye ameuma ncha ya shali yake. Ngozi ilikuja na kitambaa.

Barua ile ya mwisho kwako aliiandika akiwa amelala ubavu wa kulia, Tadjiddine amemshikia ubao. Kila mstari alipumzika.

Sasa yuko hospitali tena. Kovu limefunguka na kuna usaha. Daktari amesema jambo lingine, nakuandikia kama lilivyotafsiriwa: chini ya kwapa kumeota vinundu vipya, na hivyo ni vya ugonjwa wenyewe, havikuletwa na nguo wala na mtu. Tadjiddine akauliza, basi vikateni. Akajibiwa kwamba hawawezi kukata mahali hapo mpaka ngozi ifunge kwanza, na ngozi haifungi. Tunangoja. Vinundu havingoji.

Mwenyewe anasema ni joto la siku ile, na kukaa sana. Amekataza jina lako litajwe chumbani kwa jambo hili. Aliniambia, “Yule mtoto akijua ataiweka sindano chini, na hana kingine.”

Lakini mimi ni mtu mzima na pua yangu haijazeeka. Bitana ilinuka langilangi hata baada ya kufuliwa. Na jeraha lile kubwa si refu kama kovu. Ni la duara. Lina umbo la kimto.

Sikuandikii kukulaumu. Mimi pia nilikuwepo, nilisema mafuta yatolewe, kisha barua yako ikaja, nikanyamaza kwa kuwa wewe ni fundi na ulisema uliyajaribu. Nakuuliza hilo tu. Uliyajaribu kweli? Kama uliyajaribu, basi ni qadari, nami nitapumua. Nijibu mimi, au mjibu yeye nimsomee. Bado anasikia vizuri.

Mama yako,
Rabiata


Hell-Ville
17 Desemba 1953

Mama Rabiata, shikamoo.

Msomee Dada barua hii. Akisema imetosha, usikubali, endelea. Usiruke neno.

Dada Halimati,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa na mzaha, nikaichana. Ya pili ilikuwa na mzaha mdogo zaidi, nikaichana nayo. Sijui kuandika bila mzaha, nivumilie kama nitajikwaa.

Nimemwomba Fundi ruhusa nije na meli ya kwanza. Amenipa, na amenipa pia melimeli, kipande kizima, ile laini anayoiweka kwa sanda za watoto na nguo za watoto wachanga, akasema, “Mkatie huko huko, ukimtazama yeye, siyo uzi.” Kwa hiyo nitakukatia nguo ya kulalia, iliyo wazi ubavu wote wa kushoto, isiyogusa kitu. Haitakuwa na mafuta. Haitakuwa na kimto. Hakuna mtu nitakayemwambia kama nimeishona.

Mama Rabiata ameniuliza kama niliyajaribu yale mafuta. Niliyajaribu, Mama. Hilo halikuwa uongo. Ningekuwa nimedanganya hapo ingekuwa afadhali.

Nilikuwa nimeungua na pasi ya mkaa, mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Ngozi ilikuwa imeshafunga, mpya, laini, nyembamba. Fundi Mchangama aliponiona na kichupa aliniambia, “Kabla hujampelekea mgonjwa, tia kwenye mchele, funga juu ya hilo jeraha lako la moto, ukae nalo tangu asubuhi mpaka alasiri. Likikuacha salama, peleka. Lisipokuacha salama, mimina chooni.” Nikafanya hivyo. Nikakaa nalo nikipiga cherehani. Mwanzo paliwasha. Adhuhuri palikuwa moto. Kabla ya alasiri nilikwenda nyuma ya duka nikafungua, na ngozi mpya ilikuwa imekwisha kuwa maji, ikabanduka na kitambaa. Niliuma shati langu nisisikike.

Kisha nikashusha mkono wa shati, nikaingia dukani. Fundi akauliza, “Vipi?” Nikamwambia, “Hakuna kitu.” Nilikuwa nimeshawaambia watu wote, Dada. Nilikuwa nimeshamwambia mpaka Saindou jinsi utakavyonukia. Nikaiona aibu ya kurudi nyuma mbele ya Fundi kuwa kubwa kuliko hatari yako. Nikajiambia ngozi yako itakuwa tofauti. Nikajiambia mafuta yatapungua njiani.

Hata hivyo ulinipa nafasi ya pili. Uliniandikia kwamba panakuwa moto, ukaniuliza niseme neno moja tu, utoe au usitoe, na siku zilikuwa bado zipo. Niliijua hali hiyo ya moto vizuri kuliko daktari yeyote wa Mahajanga. Nilipokuandikia “vaa”, mkono wa kulia ulikuwa na kalamu, na wa kushoto, uliokuwa ukishikilia karatasi, ulikuwa bado umefungwa kitambaa.

Daoudou